Kuilinganisha Idara ya Dharura na Nyingine: Namna ya Kupima, Kutembelea na Kurekebisha

Idara ya dharura inayojipima kwa takwimu zake yenyewe tu inaweza kusema kwamba mwaka huu imefanya vizuri kuliko mwaka jana, lakini haina namna ya kujua kama kinachoitwa kizuri ndani ya kuta zake kingeitwa kizuri mahali pengine. Tuseme mgonjwa mwenye maumivu ya kifua anasubiri dakika 40 kabla ya kupimwa umeme wa moyo, ilhali mwaka uliopita alisubiri dakika 60. Taarifa ya robo mwaka itasomeka kama habari njema, huku hospitali ya mkoa wa jirani, yenye mashine ya aina ileile na wauguzi wachache zaidi, huenda inaifanya kazi hiyo kwa dakika 12. Upimaji linganishi ni utaratibu wa kuliona pengo la namna hiyo, kwenda kuangalia kazi inavyofanywa kule inakofanyika vizuri, kisha kurudi, kubadili jambo mahususi na kupima upya.

Mbinu yenyewe ilianzia viwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Xerox ya Marekani, ambayo ilikuwa inazidiwa na watengenezaji wa Japani, ilianza kuzipima mashine na taratibu zake dhidi ya za washindani, na baadaye ikaenda kujifunza kazi za ghala kwa L.L. Bean, kampuni ya kuuza nguo na vifaa vya matembezi kwa njia ya posta. Hospitali nyingi zilipoichukua mbinu hii zilichukua nusu yake: zilichukua jedwali lenye asilimia na rangi nyekundu na kijani, zikaiacha safari ya kwenda kuangalia. Jedwali peke yake humfanya aliye chini ajitetee na aliye juu ajisifu, na wote wawili huendelea kufanya kazi kama walivyofanya jana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya waganga wafawidhi, wauguzi viongozi na timu za uboreshaji wa huduma katika hospitali za wilaya na mikoa, na unaitilia mkazo nusu iliyoachwa, ingawa kabla ya kufika huko ni lazima vipimo viwe vya kuaminika.

Chagueni jambo moja la kupima

Timu nyingi huanza kwa kutaka kulinganisha kila kitu, zikaishia kukusanya viashiria 30 ambavyo hakuna anayevisoma. Kuanza na kiashiria kimoja au viwili kunatosha, mradi kila kimoja kinahusu wagonjwa wa kutosha kila mwezi, kina uhusiano unaojulikana na uhai au nafuu ya mgonjwa, na kiko ndani ya uwezo wa idara yenyewe kukibadili. Muda wa kusubiri kitanda wodini, kwa mfano, ni muhimu sana, lakini hutegemea wodi nzima na kasi ya kuruhusu wagonjwa. Timu changa ikianza nacho itakata tamaa mapema.

Baadhi ya viashiria tayari vina viwango vinavyokubalika. Mgonjwa mzima anayefika na maumivu ya kifua yanayotiliwa shaka ya moyo anatakiwa kupimwa umeme wa moyo, na kipimo hicho kisomwe, ndani ya dakika 10 tangu afike. Mizani ya triaji ya Afrika Kusini, yaani ya kuwapanga wagonjwa kwa rangi kulingana na uharaka wa hali zao, iliyobuniwa Cape Town mwaka 2004 na sasa inatumika katika nchi kadhaa za Afrika, inataka mgonjwa wa rangi nyekundu ahudumiwe papo hapo, wa machungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja na wa kijani ndani ya saa nne. Idara inayotumia mizani hiyo ina kipimo mkononi bila kubuni kingine.

Kiwango cha vifo kisiwe kiashiria cha kwanza. Si kwamba hakina maana. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, mpangilio wa mapokezi ya watoto ulipobadilishwa ili walio mahututi watambuliwe na kutibiwa mara wanapofika, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya asilimia 6 na 8. Hata hivyo kifo ni matokeo ya mambo mengi, baadhi yake yakiwa yametokea kabla mgonjwa hajafika getini, na tofauti ya vifo kati ya hospitali mbili haimwambii muuguzi wa zamu ya usiku afanye nini tofauti kesho. Vifo vifuatiliwe pembeni, lakini kazi ya kulinganisha ianzie kwenye hatua ambazo mikono ya watu inazigusa.

Kubalianeni saa inaanza kuhesabiwa wapi

Hapa ndipo ulinganishaji mwingi huharibika. Mwezi Juni 1990 wataalamu wa tiba ya dharura kutoka nchi mbalimbali walikutana katika abasia ya kale ya Utstein, karibu na Stavanger nchini Norwei, kwa sababu taarifa za kunusurika baada ya moyo kusimama zilikuwa hazilinganishiki: mji mmoja ulihesabu kila aliyeanguka, mwingine ukahesabu tu wale walioonekana wakianguka, na wa tatu ukawahesabu waliofika hospitali wakiwa na mapigo. Walichokubaliana, na kukichapisha mwaka uliofuata, ni namna moja ya kuhesabu na kuripoti, ambayo inatumika hadi leo. Hospitali mbili za mkoa zinazotaka kulinganisha muda wa matibabu zinahitaji makubaliano ya aina hiyo, hata kama ni ya ukurasa mmoja.

Swali la kwanza katika ukurasa huo ni lini mgonjwa anahesabiwa kuwa amefika. Katika hospitali moja muda huandikwa na mhudumu wa mapokezi mara bajaji inaposimama mlangoni. Katika nyingine huandikwa faili linapofunguliwa, yaani baada ya ndugu kupanga foleni kwenye dirisha la malipo, pengine dakika 20 tangu mgonjwa alazwe kwenye machela. Hospitali ya pili itaonekana ya haraka kwa dakika 20 ambazo hazipo. Kwa hiyo iandikwe wazi kwamba muda wa kufika ni muda ambao mfanyakazi yeyote wa hospitali alimwona mgonjwa kwa mara ya kwanza, na kwamba muda huo unaandikwa kabla ya jina, malipo au kadi ya bima kuulizwa.

Swali la pili ni la saa zenyewe, na sisi tunaozungumza Kiswahili tuna tatizo letu wenyewe ambalo miongozo ya kigeni hailitaji. Fungua rejesta yoyote ya usiku na huenda utakuta mstari mmoja umeandikwa 21:10, unaofuata 3:15, na wa tatu 9.25 usiku. Muuguzi wa kwanza alitumia saa 24. Wa pili aliandika saa tatu na robo kama anavyoitamka, na ni usiku uleule. Wa tatu aliandika usiku lakini akasoma saa ya ukutani kwa Kizungu. Anayeingiza takwimu kwenye kompyuta wiki moja baadaye atachukulia 3:15 kuwa alfajiri, na mgonjwa aliyehudumiwa kwa dakika tano ataonekana alisubiri saa sita. Dawa yake ni kukubaliana juu ya saa 24 pekee, kubandika jedwali dogo la ubadilishaji juu ya meza ya triaji, na kukataza neno usiku au mchana katika safu ya muda. Saa za ukutani nazo zioanishwe kila Jumatatu kwa kutumia simu, kwani saa ya mapokezi ikiwa mbele dakika saba kuliko ya chumba cha matibabu, baadhi ya wagonjwa watakuwa wametibiwa kabla hawajafika.

Mengine ya kukubaliana yanaweza kumalizwa katika kikao kimoja: nani anahesabiwa kuwa mgonjwa wa maumivu ya kifua, aliyefikishwa akiwa amefariki anawekwa kundi gani, anayeondoka bila kuonwa na daktari anaandikwaje, na mstari usio na muda unafanywa nini. Kuhusu hilo la mwisho, mistari mitupu isifutwe kimyakimya. Wagonjwa ambao muda wao haukuandikwa mara nyingi ndio waliofika idara ikiwa imezidiwa, hivyo kuwaondoa ni kuzipamba takwimu. Idadi yao iripotiwe kando ya kila matokeo.

Mwenza wa kulinganishwa naye

Mwenza wa karibu zaidi ni idara yenyewe: zamu ya mchana dhidi ya usiku, siku za kazi dhidi ya wikiendi. Ulinganishaji huo hauhitaji kibali cha mtu, hutumia rejesta ileile, na huwazoeza watu kuangalia tofauti bila kutafuta wa kulaumiwa. Miezi miwili au mitatu ya zoezi hilo ni maandalizi mazuri kabla ya kwenda nje.

Nje, atafutwe aliye sawa kwa ngazi, idadi ya wagonjwa na vifaa. Idara ya Magonjwa ya Dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 2010, ni mahali pazuri pa kujifunza mbinu, lakini hospitali ya wilaya isiyo na bingwa hata mmoja wa tiba ya dharura ikijilinganisha nayo kwa namba itapata visingizio badala ya mafunzo. Nafasi nzuri zaidi imetokana na ujenzi wa miaka ya karibuni: fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 ziliziwezesha hospitali nyingi za Tanzania kupata majengo ya dharura kwa wakati mmoja. Idara hizo zina umri unaokaribiana na zilianza na wafanyakazi wengi wapya katika fani hii, na kwa hiyo zinafaa kuwa wenza.

Kutoka nje ya fani pia kunasaidia mara mojamoja. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, walipotaka kurekebisha makabidhiano ya watoto wanaotoka kwenye upasuaji wa moyo kwenda chumba cha wagonjwa mahututi, walijifunza kwa mafundi wa magari ya mbio ya Ferrari, ambao kila mmoja ana kazi yake na wote wana kiongozi mmoja anayejulikana.

Makubaliano kati ya wenza yawe ya maandishi na mafupi. Yaseme kwamba takwimu hazina majina ya wagonjwa wala ya wafanyakazi, kwamba hazitapelekwa kwa vyombo vya habari wala kutumika kupandisha au kushusha mtu cheo, na kwamba kila upande una haki ya kutembelea mwenzake. Kenya ina mfano wa kuigwa wa mtandao wa namna hii. Tangu 2013 hospitali kadhaa za kaunti, pamoja na Wizara ya Afya, chama cha madaktari wa watoto na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, zimekuwa zikikusanya taarifa za watoto waliolazwa kwa kutumia fomu ya aina moja, na kila hospitali hurudishiwa ripoti inayoonyesha hali yake kando ya za wenzake. Nguvu ya mpango huo, kwa maoni yangu, iko kwenye fomu. Kompyuta zilikuja kuisaidia.

Kusoma takwimu bila kudanganyika

Kwa vipimo vya muda, wastani wa kawaida usitumike peke yake, kwa sababu mgonjwa mmoja aliyesahaulika kwa saa tisa huuvuta wa mwezi mzima. Itumike thamani ya katikati, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa walihudumiwa kabla yake na nusu baada yake, pamoja na muda ambao wagonjwa tisa katika kila kumi walikuwa wamehudumiwa. Namba hiyo ya pili ndiyo inayofichua usiku mbaya. Hospitali mbili zinaweza kuwa na thamani moja ya katikati, dakika 14, lakini katika moja mgonjwa wa tisa kati ya kumi akawa amesubiri dakika 25 na katika nyingine dakika 110.

Kwa matokeo kama vifo, uzito wa hali za wagonjwa ni lazima uingizwe kwenye hesabu. Chukua mfano huu wa kubuni. Hospitali ya rufaa imepokea majeruhi 200, na 26 wamefariki, yaani asilimia 13. Hospitali ya wilaya nayo imepokea 200, na 11 wamefariki, yaani asilimia 5.5. Ukiishia hapo utaisifu ya wilaya. Sasa wagawe kwa uzito. Ya rufaa ilikuwa na majeruhi wepesi 100, akafariki mmoja, na mahututi 100, wakafariki 25. Ya wilaya ilikuwa na wepesi 180, wakafariki wanne, na mahututi 20, wakafariki saba. Kwa wepesi, rufaa ilipoteza asilimia 1 na wilaya zaidi ya 2. Kwa mahututi, rufaa ilipoteza asilimia 25 na wilaya 35. Hospitali iliyoonekana mbaya ndiyo iliyofanya vizuri katika makundi yote mawili, na iliangushwa tu na ukweli kwamba wenzake waliipelekea wagonjwa wao wagumu. Kwa majeruhi, Alama ya Kampala, iliyobuniwa Uganda katika miaka ya 1990, inatosha kuwagawa: inahitaji umri, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, hali ya fahamu na idadi ya majeraha makubwa, mambo ambayo muuguzi wa triaji anaweza kuyapata bila maabara.

Mfano huo una mtego mwingine. Mahututi wa hospitali ya wilaya ni 20 tu, hivyo kifo kimoja zaidi au pungufu kingesogeza kiwango chake kwa pointi tano. Hospitali yenye wagonjwa wachache hurukaruka juu na chini ya jedwali kwa bahati tu, na kiongozi anayempongeza au kumkemea mtu kwa mruko wa mwezi mmoja anafukuza upepo. Matokeo yachorwe kwa mstari wa wiki au miezi, angalau nukta 12, na hatua zichukuliwe pale mstari unapohama na kubaki ulikohamia.

Ziara ndiyo kazi yenyewe

Namba zikishaonyesha nani anafanya vizuri zaidi, timu iende kuona. Mfano ninaouthamini kuliko mingine yote unatoka Marekani. Wagonjwa wa shambulio la moyo walitakiwa kuzibuliwa mshipa kwa puto ndani ya dakika 90 tangu kufika mlangoni, na hospitali nyingi zilishindwa. Watafiti waliwahoji wafanyakazi wa hospitali 11 zilizokuwa zinafanya vizuri, kisha wakaangalia taratibu za hospitali 365. Waliyoyakuta yalikuwa mambo ya kawaida mno: daktari wa dharura kuruhusiwa kuita timu ya moyo mwenyewe bila kusubiri bingwa kulihusishwa na kuokoa dakika 8 hivi, na kupiga simu moja badala ya nyingi kulihusishwa na kuokoa karibu 14. Mwishoni mwa 2006 chama cha madaktari wa moyo kilizindua kampeni ya kueneza taratibu hizo, na nchini kote thamani ya katikati ikashuka kutoka dakika 96 mwaka 2005 hadi 64 mwaka 2010. Ni haki kuongeza kwamba uchambuzi mwingine wa hospitali za huko haukuona vifo vya wodini vikishuka sambamba na dakika, na hiyo ndiyo sababu ya kufuatilia vifo pembeni, kama ilivyosemwa juu.

Katika ziara asiende mganga mfawidhi peke yake. Aende muuguzi wa triaji, mhudumu wa mapokezi na mtu wa takwimu, kwani hao ndio watakaoona kilicho tofauti. Wasikae ukumbini kuangalia mawasilisho. Wamfuate mgonjwa mmoja, kwa ridhaa yake, kutoka mlangoni hadi matibabu yanapoanza, wakiandika kila anaposimama kusubiri na anasubiri nini. Kwa kipimo cha umeme wa moyo, waulize mashine inakaa wapi, karatasi zake zinaagizwa na nani, zikiisha Ijumaa jioni inakuwaje, na nani ana ruhusa ya kumpima mgonjwa kabla daktari hajamwona. Mara nyingi tofauti ya nusu saa imo katika majibu hayo: huku mashine iko kwenye kabati lenye ufunguo unaoondoka na kiongozi wa zamu, kule iko kwenye toroli kando ya meza ya triaji, na muuguzi hupima kwa utaratibu uliosainiwa, akampelekea daktari karatasi aisome.

Njia hii si ngeni kwetu. Utaratibu wa 5S, yaani hatua tano za kupanga na kusafisha mahali pa kazi, ulipoingia katika hospitali za Tanzania kwa msaada wa Japani, uliletwa kutokana na mfano wa hospitali ya wanawake ya Castle Street, Colombo, nchini Sri Lanka, na Hospitali ya Rufaa Mbeya ilikuwa ya kwanza kuujaribu.

Kubadili, kisha kuchunga kipimo kisigeuke lengo

Kutoka ziarani, timu ichague badiliko moja na kulijaribu kwa wiki mbili katika zamu moja kabla ya kulitandaza. Isiige kila kitu. Toroli linaweza kuigwa kesho, lakini mwenza mwenye wauguzi watatu usiku hawezi kuigwa na mwenye mmoja, na badiliko hilo litafutiwe umbo jingine.

Pamoja na kiashiria kikuu kiwekwe cha kukilinda. Uingereza iliweka sharti kwamba wagonjwa wa idara za dharura walazwe, wahamishwe au waruhusiwe ndani ya saa nne tangu kufika, kwa kiwango cha asilimia 98 mwaka 2004, kikapunguzwa hadi 95 mwaka 2010. Kusubiri kulipungua kwa kiasi kikubwa, lakini michoro ya muda ilionyesha pia wagonjwa wengi wakiondolewa idarani katika dakika za mwisho kabla ya saa nne kutimia, ishara kwamba saa ilikuwa inaongoza uamuzi. Kwa hiyo anayepima kasi ya triaji apime pia usahihi wake, kwa kumwomba muuguzi mzoefu apitie upya mafaili 20 kila mwezi na kuona kama rangi zilitolewa ipasavyo. Na anayepima muda wa kukaa idarani ahesabu wanaorudi ndani ya siku saba bila kuitwa.

Kiashiria kikishafika kiwango kilichokubaliwa na kukaa hapo kwa miezi sita, kisiendelee kula muda wa watu. Kipunguzwe kiwe cha sampuli ya wagonjwa 30 mfululizo kila robo mwaka, na nafasi yake ichukuliwe na kingine ambacho mwenza anafanya vizuri zaidi. Karatasi ya makubaliano iwekewe tarehe na toleo, nakala moja ibandikwe mezani na nyingine ikae na mtu wa takwimu, kwa sababu wafanyakazi huhamishwa, na muuguzi mpya asiyeikuta ataanza tena kuandika muda wa kufika baada ya faili kufunguliwa.